Magnesiamu kwenye nusu kaputi: maswali tunayoulizwa kila wiki

Kichupa chenyewe hakina makuu. Kioo, mililita kumi, maji yasiyo na rangi, na maandishi madogo yanayosema asilimia 50, yaani gramu tano za salfeti ya magnesiamu. Hospitali yenye leba haikosi dawa hii. Tangu tulipoanza kuitumia na thieta, maswali hayaishi: ya wagonjwa asubuhi ya operesheni, ya ndugu waliokaa kwenye benchi la nje, na ya wenzetu wa hospitali za wilaya wanaopiga simu usiku. Nimeyakusanya kwa namna yanavyoulizwa. Uamuzi wa kukupa au kutokukupa ni wa yule aliyekupima na atakayekaa upande wa kichwa chako mpaka uamke. Mimi hapa naeleza tu.

Hiyo si dawa ya wajawazito? Mimi mwanaume, nina ngiri.

Ni hiyo hiyo. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza kwa upole kabisa kama faili lake halikuchanganywa na la mama wa leba, maana binti yake ni mkunga na alilijua jina.

Dawa hii imejijengea jina kwenye kifafa cha mimba. Utafiti mkubwa uliopewa jina la Magpie, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na waliopewa magnesiamu walipata degedege chini ya nusu ya wale ambao hawakupewa. Baada ya hapo hakuna mkunga asiyeifahamu magsalfu, kama wanavyoifupisha leba. Ila kazi zake ni nyingi. Hutumika kwa pepopunda, kwa pumu kali iliyokataa dawa za kawaida, kwa aina fulani za mapigo ya moyo yaliyovurugika. Na thieta hutumika kama msaidizi wa dawa za usingizi na za maumivu. Neno msaidizi nimelichagua makusudi, nitalirudia.

Inazuiaje maumivu wakati si dawa ya maumivu?

Ukikatwa, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo. Taarifa ya kwanza inapita kawaida. Ikipigwa tena na tena, saa nzima ya kisu na kushona, uti wa mgongo unaanza kukuza sauti: mguso mdogo unaripotiwa kama kidonda kikubwa. Ndiyo maana mtu aliyefanyiwa operesheni ya tumbo anaruka hata shuka likigusa ngozi iliyo mbali na mshono.

Kuna vijilango kwenye chembe za fahamu vinavyohusika na ukuzaji huo wa sauti. Mwaka 1984 makundi mawili ya watafiti, moja Paris na jingine Marekani, yalionyesha jambo zuri sana: mlango huo una kizibo chake cha asili, na kizibo hicho ni magnesiamu. Mwili ukiwa umetulia, chembe ya magnesiamu imekaa mlangoni kama kizibo kwenye chupa. Maumivu yakigonga mfululizo, kizibo kinachomoka na kalisiamu inamiminika ndani. Kuongeza magnesiamu kwenye damu wakati wa operesheni ni jaribio la kukirudisha kizibo mahali pake kabla kelele haijazoeleka. Ketamini, ambayo hapa kwetu ni kama chumvi jikoni, inafanya kazi kwenye mlango huo huo, ila kwa njia yake.

Kutokana na hayo, magnesiamu ukimpa mtu ambaye tayari analia kwa maumivu wodini, usitegemee afute machozi. Nafasi yake ni mwanzoni, kabla kisu hakijagusa ngozi au muda mfupi baada ya hapo.

Kwa hiyo ndiyo itakayonilaza?

Hapana, ingawa wapo waliowahi kuamini hivyo. Mwanzoni mwa karne iliyopita, huko New York, Samuel Meltzer na John Auer walidunga wanyama magnesiamu, wakawaona wametulia tuli, wakadhani wamepata dawa mpya ya usingizi. Mwaka 1916 Meltzer na daktari wa upasuaji Charles Peck wakaandika juu ya wagonjwa binadamu waliofanyiwa operesheni kwa magnesiamu ya mshipani. Baadaye ikadhihirika kwamba kutulia kule kulikuwa kwa misuli zaidi kuliko kwa akili. Yaani mtu anaweza kulegea kama kitambaa huku anasikia. Hadithi hiyo huwa nawasimulia wanafunzi siku ya kwanza, kwa sababu hatari yote ya dawa hii imo humo ndani.

Utalala kwa dawa za kulaza, kama propofoli, ketamini au hewa ya kuvuta. Magnesiamu hupunguza kidogo kiasi cha dawa hizo kinachohitajika, basi.

Niambieni ukweli: maumivu yatapungua kiasi gani?

Kidogo, lakini kwa kweli yatapungua. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2013 uliokusanya tafiti 25 ulikuta kwamba waliopewa magnesiamu mshipani wakati wa operesheni walihitaji mofini pungufu kwa karibu robo katika saa 24 za kwanza, kama miligramu 7 hadi 8. Alama za maumivu zenyewe, kwenye mizani ya 0 mpaka 100, zilishuka kwa 4 hivi mgonjwa akiwa amelala na kwa 9 akijisogeza au kukohoa.

Ukiziangalia tarakimu hizo kwa haraka unaweza kusema si kitu. Nne kati ya mia, nani ataziona? Mimi natazama ile robo ya mofini. Kwenye hospitali kubwa ya mjini yenye mofini, pethidini, pampu na wauguzi wa kutosha, robo ni faida ndogo. Kwenye wodi ya wagonjwa 30 yenye muuguzi mmoja zamu ya usiku, ambako mofini imefungiwa kabatini na funguo anazo mtu aliyeenda kula, kila dozi ambayo mgonjwa hakuihitaji ni dozi ambayo hakuikosa. Tena mofini pungufu ni usingizi mzito pungufu, kujikuna pungufu, na utumbo unaoamka mapema kidogo.

Ila sikubali mtu aandike magnesiamu halafu aache paracetamol na diklofenaki kana kwamba amemaliza kazi. Hizo mbili, kwa asiye na kizuizi, pamoja na ganzi kwenye mshono, ndizo nguzo. Magnesiamu ni mbeleko. Inashikilia mtoto aliyekwisha kubebwa.

Zaidi ya maumivu kuna faida gani?

Kutetemeka. Hili mimi ningelitaja la kwanza. Mama anayejifungua kwa operesheni baada ya sindano ya mgongo mara nyingi hutetemeka mpaka meno yanagongana na kitanda kinalia. Hawezi kumshika mwanawe, na mashine ya presha inashindwa kusoma kwa sababu mkono hautulii. Magnesiamu hupunguza mtetemeko huo waziwazi, baada ya ganzi ya mgongo na baada ya nusu kaputi pia.

Faida nyingine ni presha. Mpira wa kupumulia unapoingizwa kooni, moyo hurukaruka na presha hupanda ghafla. Kwa mama mwenye kifafa cha mimba mpando huo unaweza kupasua mshipa kichwani, kwa hiyo magnesiamu aliyonayo tayari mwilini inamlinda pande mbili. Kwa Afrika kuna sura ya kujivunia hapa: Michael James wa Chuo Kikuu cha Cape Town ndiye aliyeieneza magnesiamu kwa operesheni za uvimbe adimu wa tezi iliyo juu ya figo, uvimbe unaomwaga homoni na kurusha presha mpaka dari. Mwaka 1989 aliandika juu ya operesheni 17 za namna hiyo.

Wapo pia wanaume wanaoamka wakipiga kelele kwamba wanataka kukojoa, na huku mpira wa mkojo umo ndani na unatiririka vizuri. Kero hiyo nayo hupungua. Na watoto wanaoamka na fujo baada ya hewa ya sevofluraini, wakirusha miguu na wasimjue hata mama yao, tafiti kadhaa zimeona fujo inapungua kwa waliopewa magnesiamu. Kwa watoto wa tonsesi majibu kuhusu maumivu yenyewe yamepishana, kwa hiyo mzazi nisimwahidi.

Nitasikia nini dawa ikianza kuingia?

Kama uko macho, joto. Linaanzia mkononi, linapanda shingoni na usoni kama umesogelea jiko la mkaa. Wengine mshipa huwauma pale sindano ilipo, wengine wanapata kichefuchefu cha dakika chache. Ikizidi, sema, tunapunguza mwendo na joto linaondoka. Kama umekwisha kulala hutasikia lolote.

Hatari yake iko wapi?

Kwenye misuli. Kwa nusu kaputi ya tumbo tunampa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli: vekuroniamu, rokuroniamu, atrakuriamu, pankuroniamu, kulingana na kilichopo stoo. Magnesiamu huzuia mshipa wa fahamu kumwaga kemikali inayouamuru msuli ufanye kazi. Kwa hiyo zikikutana, ulegevu unakuwa mzito zaidi na unadumu zaidi. Dozi iliyozoeleka kuisha kwa dakika 40 inaweza kuendelea mpaka saa nzima na ushee, na asiyejua atamtoa mgonjwa mpira wa kupumulia mapema.

Nitasimulia kosa langu, sina sababu ya kulificha. Hospitali niliyokuwa nayo wakati huo siitaji. Mama wa makamo alitolewa kizazi, operesheni ikaenda vizuri, nikampa neostigimini ya kuzindua misuli, akapumua vizuri, akafumbua macho, nikamtoa mpira. Chumba cha kuamkia presha ikasoma 190. Kichupa cha magnesiamu kilikuwa mezani, kimebaki nusu. Nikavuta gramu mbili, nikazisukuma mshipani kwa dakika pengine mbili. Presha ilishuka, nikaridhika, nikageuka kuandika fomu. Nilipogeuka tena kidevu kilikuwa kimeanguka, macho nusu wazi, kifua kinapanda kidogo kama cha mtoto mchanga, oksijeni 84 na inashuka. Tulimshika taya, tukampulizia kwa mfuko na barakoa, dada muuguzi akafungua kalisiamu glukoneti. Ilichukua zaidi ya nusu saa misuli kurudi. Kesho yake wodini aliniambia: "Daktari, nilikuwa nawasikia wote. Nilitaka kukuambia siwezi kupumua, hata kope ikagoma."

Kilichotokea kinaeleweka. Neostigimini ilikuwa imeshinda kwa kiasi, lakini chembe za dawa ya kulegeza zilikuwa bado zimo mwilini, na magnesiamu ya haraka ikazipa nguvu upya. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: misuli ikishazinduliwa, magnesiamu inarudi kabatini. Presha ina dawa zake.

Jambo la kuongeza kwa wanaotoa usingizi: gentamaisini nayo hudhoofisha misuli kwa njia inayofanana. Mgonjwa wa utumbo uliopasuka, aliyepewa vekuroniamu, magnesiamu na gentamaisini ndani ya saa moja, huyo usimwamini mpaka ameinua kichwa akakishikilia sekunde tano na kukubana mkono kwa nguvu. Mwenye kifaa cha kupima mshipa wa fahamu akitumie. Kuinua kichwa kuna wakati kunadanganya.

Nani asipewe?

Mwenye figo zilizochoka, kwanza kabisa. Magnesiamu haina njia nyingine ya kutoka isipokuwa mkojo. Asiyekojoa vizuri inamrundikia. Hapa ndugu mnaweza kusaidia: kama mgonjwa wenu anachujwa damu, au miguu inavimba na mkojo umepungua, semeni mapema, msingoje kuulizwa.

Mwenye ugonjwa wa misuli kuchoka uitwao miasthenia gravis asiguswe nayo. Mwenye moyo ambao umeme wake umekatika njiani na mapigo yake ni ya polepole mno, vilevile. Aliyepoteza damu nyingi na presha iko chini, arudishiwe damu na maji kwanza. Magnesiamu hutanua mishipa na itamshusha zaidi. Na anayetumia nifedipini apewe kwa uangalifu, kwa sababu zote mbili zinashusha presha.

Mke wangu anafanyiwa operesheni ya kujifungua. Mtoto hatadhurika?

Tutenganishe mambo mawili. Kama ana kifafa cha mimba au dalili zake kali, atapewa magnesiamu kabla, wakati na baada, kwa dozi kubwa, na hapo hakuna mjadala. Kumwacha bila dawa ndiko kunakoua. Dawa inapita kwenye kondo, na mtoto anaweza kuzaliwa amelegea kidogo, kwa hiyo mwenye kumpokea awe amejiandaa na mfuko wa kumpulizia.

Kama hana tatizo hilo, na magnesiamu inafikiriwa kwa ajili ya kutetemeka au maumivu tu, mimi huisubiri mpaka kitovu kikatwe. Sioni kwa nini mtoto agawiwe dawa ambayo haimhusu. Kunyonyesha aendelee, kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana.

Na mama aliyetoka leba tayari akiwa na magsalfu mwilini, akahitaji nusu kaputi, mkunga amwambie mtoa usingizi saa na kiasi cha dozi ya mwisho. Kwa mdomo, si kwenye karatasi peke yake. Karatasi hubaki leba.

Mimi natoa usingizi hospitali ya wilaya. Nitoe kiasi gani, na sina pampu?

Dozi inayotumika sana ni miligramu 30 hadi 50 kwa kila kilo ya uzito, ikiingia taratibu, kisha wengine wanaendelea na dripu ya miligramu 8 hadi 15 kwa kilo kwa saa mpaka mwisho wa operesheni. Mimi kwa operesheni fupi naishia kwenye dozi ya kwanza, kwa sababu dripu bila pampu ni mtihani.

Chukua mgonjwa wa kilo 60. Kwa miligramu 40 kwa kilo anahitaji gramu 2.4. Kichupa cha asilimia 50 kina miligramu 500 kwa kila mililita, kwa hiyo unavuta mililita 4.8. Tia kwenye mililita 100 za maji ya chumvi. Andika kwenye chupa kwa kalamu nene: MAGNESIAMU, gramu, saa. Usiiache chupa isiyo na maandishi ining'inie karibu na ile ya maji ya kawaida. Zinafanana kama pacha, na anayekuja kukusaidia ataifungulia yote.

Mrija wa kawaida wa dripu hutoa matone 20 kwa mililita. Mililita 100 ni matone 2,000. Ukitaka ziishe kwa nusu saa ni matone 67 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya tone moja kwa kila mpigo wa mshale wa sekunde. Simama mbele ya saa ya ukutani, linganisha, funga kigurudumu hapo, rudi kuhakiki baada ya dakika tano, kwa maana mgonjwa akigeuzwa mkono mwendo hubadilika. Presha ipimwe kila dakika tatu mpaka tano.

Punguza dawa ya kulegeza misuli, na usiongeze dozi ya pili kwa mazoea. Subiri uone dalili kwamba ya kwanza inaisha. Kama una suxamethoniamu tu kwa kuingiza mpira, utaona ule mchezo wa misuli kurukaruka umepungua. Usidhani dawa imeharibika.

Ulinganisho mmoja wa kukutoa hofu, au kukuongezea heshima: mama wa kifafa cha mimba kwa utaratibu wa sindano za makalio huanza na gramu 14 kwa jumla, nne mshipani na kumi kwenye misuli. Sisi thieta tuko kwenye gramu mbili au tatu. Tofauti ni kwamba yule wa leba hajalegezwa misuli na anapumua mwenyewe, tena anaweza kusema.

Nitajuaje imezidi?

Nyundo ya goti. Gonga chini ya kifupa cha goti. Mguu usiporuka, simamisha dawa. Goti hunyamaza kabla pumzi haijaanza kuzimika, na hiyo ndiyo huruma ya dawa hii: inabisha hodi. Pumzi chini ya 12 kwa dakika, au mkojo chini ya mililita 30 kwa saa, ni hodi nyingine.

Kwa tarakimu za maabara, damu ya kawaida ina milimoli 0.7 hadi 1.0 kwa lita. Goti hupotea kati ya 3.5 na 5, pumzi kuanzia 5 kwenda juu, na moyo husimama ikipita 12. Maabara nyingi za wilaya hazipimi magnesiamu, na kwa kweli nyundo inatosha. Tahadhari moja: kwa mgonjwa aliyepigwa ganzi ya mgongo au aliyelegezwa misuli goti halitaruka hata kama magnesiamu haijazidi. Kwa huyo tumia kiwiko kama ni ganzi ya mgongo, na pumzi, mkojo na kipimo cha misuli kwa waliobaki.

Dawa ya kuipinga ni kalisiamu glukoneti, gramu moja, yaani mililita 10 za asilimia 10, mshipani, polepole kwa dakika kadhaa. Iwepo mezani kabla hujafungua magnesiamu. Stoo si mezani.

Nimesikia wengine wanaiweka pamoja na sindano ya mgongo.

Imefanyiwa utafiti, kwa dozi ndogo sana, na ganzi hudumu zaidi. Mimi siifanyi wala sikushauri uifanye kwa kichupa cha leba. Kinachoingia mgongoni kinapaswa kutengenezwa na kuruhusiwa kwa ajili ya mgongo, na kichupa hicho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kosa la kipimo mshipani linarekebishika kwa kalisiamu. Mgongoni sina cha kukuahidi.

Nikinywa chumvi ya haluli kabla ya operesheni si itakuwa yale yale?

Wewe utaendesha tu. Chumvi ya haluli kweli ni salfeti ya magnesiamu, ile ile iliyoanza kusifika kwenye chemchemi za mji wa Epsom huko Uingereza karne ya 17, lakini ikipita tumboni sehemu kubwa inavuta maji na kutoka nayo. Utafika thieta umekaukiwa, presha chini, na operesheni inaahirishwa. Halafu kuna mwenye figo mbovu, ambaye hicho kidogo kinachoingia damuni kinatosha kumletea shida.

Vidonge vya magnesiamu vya duka la dawa, kama unavitumia, vitaje wakati wa kuandikwa historia. Taja pia omeprazole ya muda mrefu na dawa za kukojoza: hizo huishusha magnesiamu mwilini, na upungufu nao una balaa zake za moyo.

Chakula ni habari nyingine. Maharage, korosho, mbegu za maboga, mchicha, dona badala ya sembe, vyote vina magnesiamu nzuri, kula wiki zote kabla ya operesheni. Usiku wa kuamkia operesheni fuata ulichoambiwa kuhusu kufunga. Kuna bibi aliyekula korosho alfajiri kwa sababu mjukuu wake alisoma mahali kwamba zinapunguza maumivu. Tulimrudisha nyumbani mpaka alhamisi.

Mbona hospitali nyingine hawatoi? Ni ghali?

Si ghali, ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kuliko zote thieta, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hawatoi kwa sababu nyingine, na mojawapo naiheshimu: pasipo na mtu wa kukaa na mgonjwa chumba cha kuamkia, ni busara kuiacha. Sababu nyingine ni kwamba kichupa cha mwisho hakiondolewi leba. Hiyo naiheshimu zaidi. Usiku wenye mama wa degedege, maumivu ya ngiri yatapata paracetamol.

Nikirudi wodini ndugu zangu waangalie nini?

Waombe kuambiwa kama ulipewa magnesiamu na saa ngapi. Iandikwe kwenye cheti, muuguzi wa zamu inayofuata aione. Saa za kwanza akae mtu mmoja karibu. Aangalie kama unaitikia ukiitwa jina, kama unaweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto, kama sauti yako ni ya kawaida au imekuwa ya kunong'ona na maneno yanaburuzika. Aangalie na mfuko wa mkojo: unajaa au umekwama pale pale? Kope nzito za kusinzia ni kawaida. Kope zinazogoma kufunguka huku unajaribu, au mate yanayokusanyika mdomoni kwa sababu huwezi kumeza, hapo asingoje. Amwite muuguzi kwa sauti, na akuinue mgongo wakati anasubiri.

Asikupe uji mpaka umemeza maji kidogo bila kupaliwa.